Mtoto mwenye usonji ajifunze kuomba, kunawa na kuvaa: mwongozo kwa mzazi wa Kigoma

Ukiwa na mtoto mwenye usonji hapa Kigoma, uwe Mwanga, Ujiji au ndani kabisa huko Kasulu na Kibondo, ushauri haukuishi. Mmoja atasema akatwe kimeo, mwingine akatwe udata wa chini ya ulimi, wa tatu atakuelekeza kwa fundi wa tiba za kienyeji ng'ambo ya mto Malagarasi, na shemeji yako atasema mwache tu, hata baba yake alichelewa kusema. Kukata kimeo hakumfanyi mtoto aseme. Kunamtoa damu na kumwachia kidonda. Usonji unatokana na namna ubongo unavyokua, na msingi wake huanza mtoto angali tumboni. Haukuletwa na chanjo, malezi mabaya wala jicho la jirani, na hauna dawa ya kuuondoa. Wala hauko peke yako: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 takriban mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji.

Kinachowezekana, tena sana, ni mtoto huyo kujifunza shughuli za kila siku: kuomba anachotaka, kunawa, kuvaa, kwenda chooni, kusimama akiambiwa simama. Njia yenyewe inaitwa tiba ya tabia, na sehemu kubwa ya kazi yake inafanyika uani kwako, kwa beseni na kata ulizo nazo.

Nieleze kidogo ilikotoka, maana inasaidia kujua cha kuchukua na cha kuacha. Msingi wake ni wa mwanasaikolojia B. F. Skinner wa Marekani: tendo likifuatiwa na jambo zuri, mtu hulirudia. Kuanzia miaka ya 1960 Ivar Lovaas, wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, aliutumia msingi huo kwa watoto wenye usonji, na mwaka 1987 akachapisha matokeo ya watoto 19 waliofundishwa mmoja mmoja kwa takriban saa 40 kila wiki. Alisema 9 kati yao walimaliza darasa la kwanza katika shule za kawaida. Matokeo hayo yamebishaniwa hadi leo. Na katika kazi yake ya zamani adhabu ilikuwemo, hata kofi. Watu wazima wenye usonji waliopitia tiba za namna hiyo wamesema wazi kwamba ziliwaumiza, na kwamba nguvu nyingi zilitumika kuwafanya waonekane kama wengine badala ya kuwasaidia waishi vizuri. Mimi nakubaliana nao. Kwa hiyo katika mwongozo huu hakuna fimbo, hakuna kunyimwa chakula, na hakuna saa 40.

Kabla ya yote, masikio na kifafa

Mtoto asiyegeuka akiitwa huenda hasikii. Mpeleke apimwe masikio kabla hujaanza kumfundisha lolote. Anzia kituo cha afya kilicho karibu, uombe rufaa ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni. Ukiwa Tabora, ni Kitete. Mweleze daktari pia kama mtoto huwa anakodoa macho ghafla na kupotea kwa muda, au anaanguka na kutetemeka, kwa sababu kifafa huwapata watoto wenye usonji zaidi ya watoto wengine, na kifafa kina dawa. Kama kuna tabia iliyoanza ghafla, mathalani kujipiga kichwa wiki hii wakati wiki iliyopita hakuwa hivyo, angalia kwanza jino, sikio, tumbo na malaria. Asiyeweza kusema "naumwa" atasema kwa mikono yake.

Hatua ya kwanza: daftari, wiki nzima, bila kufundisha kitu

Chukua daftari la kawaida, piga mistari upate safu tatu. Safu ya kwanza andika kilichotokea kabla, ya pili alichofanya mtoto, ya tatu kilichofuata. Andika saa pia. Usiandike "amekuwa mkorofi". Andika ulichokiona kwa macho.

Tuseme mama anasonga ugali wa muhogo, saa moja jioni. Mtoto anamvuta kanga. Mama anasema subiri. Mtoto analia, anajitupa chini, sufuria karibu imwagike. Dada mtu anampa simu yenye katuni, kimya kinarudi. Ukisoma mambo hayo kwenye daftari siku nne mfululizo utaona kitu ambacho jikoni hukukiona: mtoto amefundishwa, na amefundishika vizuri sana, kwamba kulia huleta simu. Pengine hata hakutaka simu mwanzoni. Alivuta kanga kwa sababu alikuwa na kiu.

Hapo ndipo kazi inapoanzia. Kumzuia asilie peke yake hakutoshi; anahitaji kupewa njia nyingine ya kusema "maji", tena iwe nyepesi kuliko kulia na ilete maji haraka kuliko kulia.

Hatua ya pili: kuomba

Wazazi wengi wanataka waanze na kunawa au choo. Mimi ningeanza na kuomba kila mara, hata kwa mtoto wa miaka tisa, kwa sababu mtoto anayeweza kuomba hupunguza fujo sana hata kabla hujamfundisha jambo jingine.

Asiyesema ataomba kwa kitu au picha. Mwaka 1985 Andy Bondy na Lori Frost walianzisha huko Delaware, Marekani, utaratibu wa mtoto kukabidhi picha ili apewe kitu, na ndio unaoigwa sehemu nyingi. Huhitaji kadi za kununua. Kifuniko cha chupa ya maji kinatosha kuwa "maji". Ganda la biskuti lililobandikwa kwenye kipande cha boksi linatosha kuwa "biskuti". Baadaye utapiga picha kwa simu na kuzisafisha mjini.

Mnahitajika wakubwa wawili. Mmoja akae mbele ya mtoto na kikombe cha maji mkononi, kiganja kingine kiwe wazi. Wa pili akae nyuma yake, kimya kabisa. Mtoto akinyoosha mkono kufuata maji, wa nyuma anauongoza taratibu mkono huo uokote kifuniko na kukiweka kwenye kiganja cha wa mbele. Papo hapo wa mbele anasema "maji" na kumpa anywe. Siyo baada ya dakika, siyo baada ya "sema tafadhali". Papo hapo.

Msimwulize "unataka nini?" kila mara. Mkizoea kuuliza, atasubiri kuulizwa maisha yake yote. Mwonyesheni kikombe, nyamazeni, hesabuni hadi tano kimoyomoyo. Wa nyuma apunguze mkono wake kidogo kidogo: leo anashika kifundo, kesho kiwiko, keshokutwa anagusa bega tu. Mtoto akishaweza mwenyewe, weka kifuniko mbali kidogo, akifuate. Halafu ongeza kitu cha pili.

Hapa huwa naulizwa kuhusu lugha. Bibi anasema Kiha, baba Kiswahili, je, mtoto hachanganyikiwi? Hapana. Hakuna haja ya kumnyima lugha ya nyumbani kwake. Lakini kwa kila kitu unachofundisha, nyumba nzima ichague neno moja na kulishikilia. Mmoja akisema "maji", mwingine "haya kunywa", wa tatu "njoo uchukue hapa", kwa mtoto huyu hayo ni mambo matatu tofauti.

Hatua ya tatu: chagua kazi moja na uivunje vipande

Moja. Siyo kunawa, kuvaa, mswaki na choo kwa mkupuo. Chagua inayofanyika kila siku na ambayo ikifaulu itakupunguzia mzigo.

Tuchukue kunawa kabla ya kula. Kwetu mtoto hunawishwa: mtu anamimina kwa jagi, mikono inasuguliwa kwa pamoja, basi. Hilo lina uzuri wake wa heshima mezani, lakini mtoto akizoea kumiminiwa hatanawa mwenyewe kamwe. Tengeneza kibuyu chirizi: dumu la lita tatu au tano lililotobolewa, limetundikwa kwenye mti, na kamba inayoshuka hadi kwenye kijiti cha kukanyaga. Sabuni ifungwe kwenye wavu, ining'inie hapo hapo. Faida yake kwa mtoto mwenye usonji ni kwamba kila kitu kipo mahali pamoja kila siku, na maji huja kwa tendo lake mwenyewe.

Kisha nawa wewe kwanza, polepole, huku ukiandika kila unachofanya. Utapata kitu kama hiki: nafika kwenye dumu, nakanyaga kijiti, nalowesha mikono, naachia kijiti, nashika sabuni, nasugua viganja, nasugua migongo ya mikono, nakanyaga tena, nasuuza, nakung'uta. Vipande kumi, kwa jambo tulilodhani ni moja. Ndiyo maana ukimwambia "kanawe" anabaki amesimama. Hakukaidi.

Chora vipande hivyo, hata kwa vijiti, au vipige picha, uvibandike kwenye mti juu ya dumu kwa mpangilio. Watoto wengi wenye usonji huelewa wanachokiona kuliko wanavyofuata maneno, na picha haichoki kurudiwa wala haipandishi sauti.

Hatua ya nne: anzia mwisho

Hili huwashangaza watu, ila nalipenda kuliko yote. Kwa kazi nyingi, fundisha kipande cha mwisho kwanza.

Kaptula, mathalani. Mkalishe, mwingize mguu wa kwanza, wa pili, msimamishe, ipandishe hadi chini kidogo ya kiuno. Hapo acha. Weka mikono yake kwenye mpira wa kaptula, aivute mwenyewe sentimita chache zilizobaki. Amemaliza. Amevaa. Sifa na zawadi vinakuja wakati huo huo. Akishaizoea kazi hiyo ndogo, iache kaptula mapajani. Halafu magotini. Halafu aingize mguu wa pili mwenyewe, na mwisho kabisa wa kwanza.

Ukianzia mwanzo, mtoto anahangaika na sehemu ngumu, anachoka, anakukimbia kabla hajaonja kumaliza. Ukianzia mwisho, kila zoezi linaishia kwenye ushindi. Chagua kaptula ya mpira, si ya kifungo, na kubwa kidogo. Fulana iwe na alama ya uzi mwekundu nyuma ya shingo ajue upande.

Hatua ya tano: msaada upungue, maneno yapungue zaidi

Utamsaidia kwa mkono juu ya mkono, kisha kwa kugusa kiwiko, kisha kwa kuonyesha kidole, kisha kwa kusimama tu pembeni. Kila akifanya vizuri siku mbili tatu, shuka ngazi moja. Akikosea, panda ngazi moja, bila kelele. Simama nyuma yake mnapofanya kazi ya mikono. Ukiwa mbele anaona mikono yako kinyumenyume na anavutwa na uso wako.

Akionyesha hataki kuguswa, usimburute. Onyesha kwa kidole, au fanya wewe kando yake aige. Mtoto anayeburutwa hadi kwenye dumu anajifunza kuliogopa dumu.

Tatizo kubwa la sisi watu wazima ni midomo. "Nawa, nawa vizuri, na huku, si nimesema sabuni, haya sabuni, sabuni!" Mkono ni rahisi kuuondoa, lakini maneno hugeuka kuwa sehemu ya kazi: mtoto ananawa mikono na kusubiri amri inayofuata. Sema "nawa mikono" mara moja, kisha saidia kimya.

Hatua ya sita: zawadi

Zawadi ni kile mtoto anachokipenda yeye. Wapo wanaopenda karanga au dagaa wa kukaanga, na wapo wasiotaka kitu cha kula hata kidogo ila wanataka kurushwa juu mara tatu, kuzungusha kifuniko cha sufuria, au kusikiliza honi ya bajaji. Angalia anakimbilia nini akiachwa huru, hicho ndicho.

Kije ndani ya sekunde chache, na kiambatane na sifa inayotaja tendo: "Umevuta kaptula!" Kisiwe chakula chake cha mchana. Mtoto mwenye njaa alishwe kwanza. Na ahadi isigeuke hongo: ukimwonyesha karanga wakati ameshajitupa chini ili anyamaze, umelipia kujitupa chini.

Kadiri anavyozoea, mpe zawadi mara moja moja, sifa zibaki. Mwisho wake kunawa kunalipwa na chakula chenyewe.

Kuhusu muda: dakika tano hadi kumi, mara kadhaa kwa siku, palepale shughuli inapotokea. Kunawa kufundishwe wakati wa kula, kuvaa kufundishwe asubuhi. Mama mwenye genge sokoni hawezi kukaa na mtoto siku nzima, wala hahitaji.

Choo

Nitakuwa mfupi. Choo cha shimo kina giza, harufu, nzi na tundu ambalo mtoto mdogo anaona litammeza. Anza na poti au ndoo fupi pale uani, nusu saa hivi baada ya chakula, akae dakika mbili tatu tu. Daftari litakuonyesha saa anazojisaidia kwa kawaida. Mpeleke dakika chache kabla. Baadaye sogeza poti hadi mlangoni mwa choo, kisha ndani, kisha muwekee ubao wenye tundu dogo juu ya shimo. Akijichafua, mwoshe bila maneno makali wala kicheko. Kumchapa kwa sababu ya choo humfundisha kujificha anapojisaidia, na kubana haja hadi apate choo kigumu.

Ziwa

Hili haliwezi kusubiri hatua nyingine ziishe. Lifundishwe sambamba tangu siku ya kwanza. Watoto wengi wenye usonji huondoka nyumbani bila kuaga, na wengi wanavutwa na maji. Marekani, ambako vifo hivyo vimefuatiliwa, kuzama ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya watoto hawa. Nasi tunaishi ufukweni mwa Tanganyika, ziwa la pili duniani kwa kina, karibu mita 1,470, na ziko sehemu ambazo hatua chache tu kutoka mchangani mguu haupati chini.

Fundisha "simama". Anzeni uani mkitembea mmeshikana mikono. Sema "simama", simama wewe, naye atasimama kwa kuwa amekushika. Zawadi. "Twende." Rudieni kama mchezo, asubuhi na jioni. Kisha mwache mkono, uwe hatua moja nyuma yake. Kisha mbili. Kisha nje ya geti, kisha kando ya barabara ya bodaboda, na mwisho kabisa ufukweni Kibirizi au Katonga wakati watu ni wachache, mtu mzima wa pili akiwa upande wa maji. Ukiwa ufukweni rudi kumshika mkono kama siku ya kwanza. Kusimama uani si kusimama mbele ya maji yanayong'aa.

Neno hilo lisitumike ovyo. Ukilisema mara hamsini kwa siku kwa kila jambo, litakufa.

Mafunzo hayatoshi peke yake. Weka komeo la juu mlangoni. Shona namba yako ya simu ndani ya nguo zake zote. Pita kwa majirani, wenye maduka ya njiani na wavuvi wa mwalo ulio karibu, uwaonyeshe uso wake: huyu hasemi, mkimwona karibu na maji peke yake mshikeni, mnipigie. Ni aibu kidogo mara ya kwanza, nakubali. Na akiweza, afundishwe kuogelea na mtu anayejua, kwenye maji ya kiunoni.

Kutoka nyumbani na stadi yake

Mtoto anayenawa kwenye dumu la nyumbani anaweza kushindwa kabisa kwenye bomba la shule. Si kwamba amesahau; kwake hiyo ni kazi mpya. Kila stadi ipeleke mahali pa pili na kwa mtu wa pili mapema: kwa bibi Ujiji, msikitini au kanisani, kwa shangazi. Kila mmoja apewe maneno yale yale na atumie vipande vile vile.

Dukani mwanzoni iwe kununua kitu kimoja, chake mwenyewe, kwa mwenye duka anayemfahamu. Picha ya biskuti, noti, anakabidhi, anapokea, mnarudi. Soko la Mwanga mchana ni kelele, harufu ya migebuka na watu kugusana. Nendeni asubuhi mapema, dakika tano, muondoke kabla hajachoka.

Yasiyohitaji kurekebishwa

Kupunga mikono, kuyumba, kuzungusha vitu, kutokutazama mtu machoni: haya hayamdhuru yeye wala mwingine. Mengi humsaidia kutulia. Wageni wakikodoa macho, hilo ni la wageni. Elekeza nguvu kwenye kujiumiza, kuwaumiza wengine, usalama, na stadi zitakazompa uhuru.

Shule na mahali pa kuuliza

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtambua mtoto wako na haki yake ya kusoma. Nenda ofisi ya elimu ya halmashauri, uulize afisa anayeshughulikia elimu maalumu ni shule ipi ya karibu yenye kitengo au mwalimu aliyesomea, na nenda na lile daftari. Ofisa ustawi wa jamii naye aoneshwe. Mzazi anayesema "mwanangu anaweza kuomba vitu vinne kwa picha na ananawa mwenyewe, bado choo" huhudumiwa tofauti na anayesema "mwanangu ana matatizo". Mwalimu apewe nakala ya picha zenu, asianze upya kwa njia nyingine.

Ikikwama

Wiki mbili zimepita na hakuna kilichobadilika: kipande ni kikubwa mno, au zawadi haimvutii tena, au watu wa nyumbani wanafanya tofauti. Karibu kila mara ni mojawapo ya hayo matatu. Kama hasugui viganja, gawa tena: kwanza viganja vigusane tu, ndiyo kazi yote ya wiki hii. Akitoka kuugua malaria au mkirudi kutoka safari ya Tabora kwa treni, tegemea atakuwa amerudi nyuma hatua mbili. Mrudishie msaada wa zamani kwa siku chache, kisha uuondoe tena kama mwanzo.

Na ukianza kupuuza kulia kulikokuwa kunaleta simu, jua kwamba siku za kwanza kulia kutazidi kabla ya kupungua. Waambie walio nyumbani mapema. Yule dada akimpa simu siku ya tatu kwa huruma, mtoto atakuwa amejifunza kwamba inabidi alie kwa siku tatu.